Mkanda wa Ngozi, Njia ya Ikoma

Kila asubuhi lori lilimdanganya Okech. Alizungusha hendeli mara tatu, mara nne, likakohoa, likanguruma, na ule mshale mdogo wa chaji mbele ya usukani ukasimama upande wa kulia, upande wa heri, kana kwamba haujawahi kwenda kwingine. Okech aliutazama huku akijifuta jasho, akijua fika kwamba anadanganywa. Maili kumi na mbili mbele, Morotonga ikishapotea nyuma na Ikoma haijaonekana bado, mshale ungeanza kulala. Ungelala kidogo kidogo mpaka uangukie kushoto, maana yake dinamo haitoi tena umeme na betri inaliwa. Baadaye kidogo maji ya rejeta yangechemka. Na Okech angesimama katikati ya mbuga pamoja na abiria wake na madebe yake matupu ya samli, swala wakimtazama kwa mbali kama watu wasio na shughuli.

Mwezi mzima ulikwenda hivyo. Ulikuwa mwaka wa 1954, na fundi aliyekwama njia ya Ikoma hakuwa na wa kumwuliza isipokuwa kichwa chake mwenyewe.

Na kichwa chake hakikuwa kibaya. Okech alizaliwa upande wa ziwa, karibu na Shirati, mwana wa Adoyo mfinyanzi, na vita vilipokuja vikamchukua pamoja na vijana wengine wa kule. Wenzake walipewa bunduki, yeye akapewa spana. Miaka mitatu alilala chini ya malori ya jeshi, kwanza Nairobi, kisha Burma kwenye matope yasiyokwisha, akifundishwa na sajini mmoja Mzungu aliyekuwa na amri moja asiyochoka kuirudia: injini ikichemka, zima kwanza, tazama baadaye. Okech aliishika amri hiyo kama wengine walivyoishika katekisimu. Aliporudi nyumbani na koti la kaki na mfuko wa spana, jembe halikumkaa tena mkononi. Alitangatanga akitafuta injini, na injini akaipata Morotonga, kwa wafugaji wanne waliouza ng'ombe wakanunua lori kuukuu la kubeba ngozi na samli kutoka Ikoma. Hapo akampata na Boke, binti wa Kikurya, akamwoa, akajenga nyumba ng'ambo ya barabara, akawa Mjaluo wa Morotonga, dereva na fundi kwa pamoja. Bila lori lile hakuwa na sababu ya kuwa pale. Alikuwa mtu wa kuja, na alijua kwamba mtu wa kuja anavumiliwa kwa kazi yake.

Baba yake Boke, mzee Waitara, alikuwa fundi pia, ila wa ngozi. Enzi zake alitengeneza ngao, na watu walitembea siku mbili kutoka Tarime kuzifuata. Ngao zilipokoma kuhitajika akashona viatu. Viatu vya matairi vilipoingia sokoni, navyo vya kwake vikakosa miguu. Ikabaki kamba moja moja ya kitanda au ya kufungia ndama, na kisu chake kizuri chenye mpini wa pembe kikalala siku nyingi ndani ya ala.

Ndipo masika yale mkanda wa lori ukakatika. Mkanda ule ni mmoja tu mbele ya injini, lakini ndio unaozungusha feni, ndio unaozungusha pampu ya maji, na ndio unaozungusha dinamo inayojaza betri. Ukikatika huo, vyote vitatu vimelala. Okech aliagiza mwingine Musoma. Musoma wakasema wameuandikia Kisumu. Kisumu hawakusema kitu.

Mzee Waitara alikuja bila kuitwa. Aliokota vipande vya mkanda uliokufa, akavipima kwa dole gumba, akaenda zake. Baada ya siku nne akarudi na mkanda wa ngozi ya fahali, umesokotwa nyuzi tatu kwa mduara mmoja usio na fundo wala mshono, umelowekwa, umevutwa kwenye vigingi, umekauka mgumu kama mfupa. Okech, mtu wa Nairobi na Burma, aliufunga kwa shingo upande. Lori likaenda Ikoma na kurudi bila kuomba hata kibuyu cha maji. Wanawake walipiga vigelegele barabarani, na wenye lori wakaamua papo hapo kwamba kila safari mzee Waitara atakaa mbele, pembeni ya dereva, bure.

Nia yao ilikuwa njema, ila hawakufikiri. Kwa Wakurya kama kwa Wajaluo, baba mkwe si mtu wa kubanana naye bega kwa bega maili thelathini. Okech hakuwa hata akiingia uani kwa mzee asipoitwa. Lori lenyewe lililala pale kwa mzee, kwa sababu boma lake lilikuwa na ua imara na mbwa wakali, lakini Okech aliliingiza kabla ya jua kuzama, akaamkia kwa mbali, akavuka barabara kwenda kwake. Sasa alilazimika kuendesha akiwa amejikunja kuelekea mlangoni, havuti sigara, na jambo baya kuliko yote, hatukani. Yeye alikuwa fundi wa kutukana. Jeshini alitukana kwa lugha nne, na aliamini kwa moyo wote kwamba boliti iliyoshika kutu husikia.

Mzee kwa upande wake alikuwa na furaha ya mtoto. Aliweka fimbo katikati ya magoti akautazama mshale wa chaji njia nzima.

"Huu mshale," aliuliza siku ya kwanza, "ndio mkanda wangu unaongea?"

"Ndio wenyewe, tata," Okech alimjibu, akimwita baba kwa Kikurya. "Ukiwa kulia, mkanda unafanya kazi."

Tangu hapo mzee hakutazama kitu kingine, na hata twiga wakipita hakugeuza shingo.

Majuma mawili yalipita vizuri, kisha ugonjwa ukaanza. Mara ya kwanza mshale ulipoanguka na maji yakachemka, Okech alizima injini kama alivyofundishwa, akashuka, akangoja nusu saa ipoe, akafungua boneti na kuubonyeza mkanda kwa kidole. Ulikuwa umekaza vizuri. Kwa hiyo si mkanda. Aliufuta kabisa mkanda katika hesabu zake, na hilo ndilo kosa lililomla mwezi mzima.

Aliifungua dinamo, akasugua kaboni zake, akapuliza vumbi, akafunga. Asubuhi mshale ukaenda kulia, akacheka peke yake, na mchana ukamwangusha palepale. Alifungua kile kisanduku kinachopima umeme wa dinamo unaoingia betri, akakwangua ncha zake za kupitishia umeme kwa karatasi ya msasa. Kulia asubuhi, kushoto mchana. Akasema basi betri ndiyo imechoka, akaazima nyingine misheni kwa kuapa na kubembeleza, nayo ikarudi imekufa. Aligeukia maji: akaosha rejeta kwa magadi, akatoa kile kikombe kinachozuia maji mpaka injini ipate moto, akakitupa, akafungua kichwa cha injini akatazama gasketi, ambayo ilikuwa nzima na sasa imeharibika kwa kufunguliwa. Alishinda siku mbili akikata nyingine. Mikono ilimchubuka, macho yakamwuma, na usingizi ukawa wa kuota waya.

Boke alikuwa akifua koti lake lililokuwa limegeuka jeusi. "Umeangalia mkanda?" aliuliza.

Okech aliinua kichwa polepole. Kuulizwa na mke swali la siku ya kwanza ya mafunzo, baada ya yote hayo, kulimchoma.

"Mkanda wa baba yako," alisema, "ni kitu pekee kizima katika gari hii. Niache."

Boke alimwacha, na siku nzima hawakusemeshana.

Jumatatu mzee Tomaso alimwita. Tomaso ndiye alikuwa mkubwa wa wale wenye lori wanne, mzee wa kanisa, mtu asiyepandisha sauti hata akifukuza mbwa. Alimkaribisha kigoda, akamwuliza habari za mama yake kule Shirati, ndipo akasema.

"Fundi, ngozi zinaoza Ikoma. Wenzangu wamekasirika. Alhamisi nitapanda na mimi mwenyewe. Gari ikienda ikarudi, tumemaliza. Ikichemka tena, utaniachia funguo, na nitamtuma mtu Musoma alete fundi mwingine."

"Nimesikia, mzee."

"Si kwa ubaya."

"Nimesikia."

Alirudi nyumbani akahesabu miaka yake pale, nyumba, shamba la ulezi la Boke, na jina la fundi ambalo hata watoto walimwita nalo. Funguo zikienda, yote yangeenda nazo. Angerudi Shirati na mfuko wa spana kusikokuwa na injini, au angebaki Morotonga akila chakula cha mkewe, mkwe asiye na kazi katika kijiji cha wakwe. Roho ilimwuma kiasi kwamba hakuweza hata kukasirika.

Alhamisi asubuhi mshale ulisimama kulia kama kawaida yake. Mbele walikaa watatu: Okech amebanwa mlangoni, mzee Waitara katikati na fimbo yake, mzee Tomaso upande wa pili na kofia magotini. Nyuma abiria walikuwa wakihesabu maili, maana habari za funguo zilishamfikia kila mtu mpaka kuku.

Maili ya tisa, kitu kimoja kilimjia. Siku zote mshale ulianguka kwanza, maji yakachemka baadaye. Kama joto ndilo lingekuwa linaiua dinamo, maji yangetangulia. Hapa umeme unatangulia, maji yanafuata, nyuma yake tu. Watu wawili wa nyumba moja wakiumwa tumbo saa moja, mtu huuliza wamekula nini pamoja. Na dinamo na maji, ndani ya injini ile, walikula kitu kimoja tu pamoja. Kilikuwa mkanda. Lakini mkanda alikuwa ameubonyeza mara ishirini ukiwa umekaza. Ameubonyeza lini? Baada ya kuzima. Baada ya kungoja nusu saa. Kila mara alikuwa amemtazama mgonjwa homa ikiwa imeshashuka.

Mwezi mzima, yawa, alijilalamikia kwa Kijaluo, mwezi mzima kwa ajili ya amri ya sajini aliyeachwa Burma.

Maili ya kumi na mbili mshale ukaanza kulala. Mzee Waitara aliuona kabla ya mtu yeyote, na vidole vyake vikaishika fimbo kwa nguvu. Okech aliendesha mpaka ulipoangukia kushoto kabisa na mvuke ukaanza kunong'ona, akasimama, na hakuzima. Aliiacha injini inaunguruma, akashuka, akafungua boneti katika joto lile lote.

Feni ilikuwa inazunguka kivivu, mapanga yake yanahesabika moja moja, wakati puli ya injini chini ilikuwa inakwenda mbio. Katikati yao mkanda wa ngozi ulikuwa umesimama karibu kabisa, unateleza kwenye puli, unang'aa, unatoa jasho. Matone ya manjano yalidondoka kutoka kwake. Okech alizima, akaugusa, akanusa kidole. Harufu ile alikuwa ameisikia mwezi mzima akidhani ni madebe ya nyuma. Alilamba kuhakikisha. Ilikuwa samli, tena nzuri.

Mzee Tomaso alikuwa amekwenda kivulini na abiria bila hata kugeuka, kwa mwendo wa mtu aliyekwisha kuamua. Mzee Waitara alikuja mpaka kwenye boneti. Alichungulia mkanda wake.

"Si nimeupaka jana," alisema kwa masikitiko, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Vizuri kabisa. Kila jioni mimi napaka. Niliona moto wa injini unaukausha, na ngozi ikikauka inakufa. Sasa mbona mshale umeanguka?"

Okech alimtazama. Kila jioni, mwezi mzima, uani kule asikoingia bila kuitwa, mzee huyu alikuwa anafungua boneti na kuubembeleza mkanda wake kwa samli ya ng'ombe wake mwenyewe, kama alivyozipaka ngao maisha yake yote, na kama ngozi yoyote ya heshima inavyopakwa. Asubuhi kukiwa baridi samli imeganda na imezama, mkanda unashika. Injini ikipata moto inayeyuka, mkanda unateleza. Ukiteleza feni inalala, injini inazidi moto, na samli inazidi kuyeyuka. Kisha injini ikizimwa na kupoa, kila kitu kinarudi mahali pake kama hakuna kilichotokea. Alitaka kutukana kwa lugha zote nne. Aliyestahili matusi hayo alikuwa amesimama mbele yake na ndevu zake nyeupe, akingoja kuelezwa.

"Umeona nini, fundi?" Mzee Tomaso alikuwa amerudi, na abiria kadhaa nyuma yake.

Kumwambia mkwe wako amekosea ni jambo la kutuma mtu, na hata huyo unayemtuma huzunguka wee kabla ya kufika. Kumwambia mbele ya watu, juu ya kazi ya mikono yake, ile ya mwisho ambayo mtu yeyote aliihitaji, Okech hakuiona njia ya kulifanya hilo akabaki mtu.

"Samli," alisema. "Mkanda una samli, unateleza injini ikipata moto. Niliupaka mimi, nikidhani nautunza."

Tomaso alimgeukia. "Wewe? Fundi wa vita?"

"Mimi, mzee. Kosa ni langu."

Mzee Waitara alikuwa ameinamisha kichwa akiutazama mkanda.

Hapo pembeni palikuwa na mafiga matatu na rundo la majivu, kumbukumbu ya abiria waliokwama pale mwezi mzima wakichoma mahindi yao. Okech aliuchomoa mkanda, akaufuta kwa gunia, akausugua kwa majivu yale akiyabadilisha tena na tena mpaka samli ikanyweka na ngozi ikawa kavu ya kijivu. Aliufunga, akaongeza maji, akazungusha hendeli. Mshale ukaenda kulia. Walikwenda Ikoma, wakapakia ngozi, wakarudi, vilima vyote na jua lote la alasiri, na mshale haukutikisika hata mara moja. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi bora aliyoifanya tangu jeshini, na kila maili ilimpeleka karibu zaidi na kupokonywa funguo. Mzee Waitara katikati yao alikuwa akiutazama mshale ukiwa umesimama sawasawa, bila samli, na aliutazama hivyo mpaka nyumbani.

Mbele ya ua wa mzee Okech alisimamisha lori. Mzee Tomaso alishuka, akazunguka, akanyoosha mkono.

"Gari imerudi, ni kweli. Lakini fundi anayeitia gari ugonjwa yeye mwenyewe, nitawaambia nini wenzangu? Lete funguo."

Okech alimpa. Mzee Waitara alipita katikati yao bila kuaga, akaingia ndani, na Okech akajua kwamba mzee amemwelewa na ameona vema kunyamaza, na ndivyo ilivyotakiwa. Alikuwa anaokota mfuko wake wa spana mzee alipotoka tena. Alibeba kibuyu kidogo kilichochakaa kwa kushikwa. Alikiweka juu ya boneti.

"Tomaso," alisema, "jioni gari inalala wapi?"

"Kwako."

"Na huyu mkwe wangu, umewahi kumwona ndani ya ua wangu jioni?"

Tomaso alifikiri. Watu wote pale walifikiri, na jibu walikuwa nalo wote.

"Basi ameongopa," mzee alisema. "Samli ni yangu. Mkono ni huu." Aliuonyesha, mkono wa kulia. "Mpe mtoto funguo zake."

Funguo zilirudi. Mzee Tomaso alisema maneno mawili matatu ya kulainisha, na hakuna aliyeyasikiliza. Okech alitaka kumwambia baba mkwe wake kitu, lakini mzee alikuwa ameshaingia ndani, na bila kuitwa hakuweza kumfuata.

Jumanne iliyofuata, alfajiri, mzee Waitara alikuja barabarani na fimbo yake kama kawaida. Okech alimfungulia mlango wa mbele. Mzee aliitikia shikamoo yake vizuri, akapita bila kuutupia mshale jicho, akapanda nyuma pamoja na madebe. Juma la pili akafanya hivyo hivyo. Okech alimtuma Boke akamwambie kwamba mkanda bado ni ule ule wake na unakwenda vizuri. Mzee akasema amefurahi kusikia, na akapanda nyuma. Mkanda wa mpira ulipofika hatimaye kutoka Kisumu, Okech aliufunga ndani ya gunia akauficha chini ya kiti, akaendelea na wa ngozi, akiusugua kwa majivu kila Jumamosi mbele ya watu ili habari zimfikie mzee. Zilimfikia. Bado alipanda nyuma.

Kwa hiyo Okech aliendesha peke yake mbele, miguu imenyooka, sigara mdomoni, mshale kulia. Sasa angeweza kutukana kwa lugha zote nne kadiri alivyotaka. Lori halikuchemka tena.